Mkono wa Kapteni Thorne

Burlington, Vermont
8 Januari 2019

Kwako Yvette Desautels,

Kwa miaka hamsini na saba nimeficha jambo hili: mkono wa sanamu ya Kapteni Thorne ulikuwa na ufa kabla haujatoka karakanani kwetu. Kaka yako hakuuvunja. Ulikuwa umekwisha kuharibika tangu mwaka 1956, ukawa unangoja tu mtu wa kuushika.

Maneno hayo nimeyaandika mara nne na kuyachana mara tatu, kwa hiyo yapokee kabla sijabadili nia. Daktari amenipa muda mpaka theluji iyeyuke. Ni kijana mwenye adabu. Huenda wiki mbili katika muda huo ameniongezea kwa heshima tu.

Barua yako ya Krismasi iliniambia kwamba kaka yako Norman alifariki Novemba huko Connecticut, na kwamba majivu yake yako jikoni kwako, juu ya friji, kwenye kopo la biskuti, yakingoja ardhi ilegee. Ukaniambia pia kwamba kamati ya sanamu itapeleka hoja kwenye mkutano wa mji mwezi Machi, kibao kiwekwe chini ya Kapteni: "Mkono huu ulivunjwa na mlevi mwaka 1962, ukarudishwa na wananchi mwaka 2019." Ukauliza kama mimi, wa mwisho aliye hai kati ya watu wa karakana, najua lolote.

Marumaru haipendi mkono ulionyooshwa hewani. Baba yangu Egidio, aliyeshika patasi kwao Italia akiwa na miaka tisa, aliiambia kamati ya wakati ule: "Mkono ushuke, uegemee kisiki cha jiwe." Wao walitaka Kapteni ainue mkono, kiganja wazi, kama alivyofanya pale kivukoni mwaka 1777, akiwazuia vijana wake wasifyatue risasi mpaka Waingereza waingie majini. Baba akachonga walichotaka. Ukatokea ufa begani, mwembamba kama unywele. Ukazibwa kwa ulimbo uliochanganywa na vumbi la marumaru, ukasuguliwa, na hakuna jicho lililouona. Baridi ya huku ndiyo iliyouona. Maji huingia, huganda, hutanuka. Majira sita ya baridi yalitosha.

Mwambie mwenyekiti wa kamati. Simu usinipigie, masikio yangu yamekwisha.

Mwalimu wako,
Orlando Pedrini


Tinsdale
14 Januari 2019

Shikamoo Mwalimu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Nimefanya kazi katika posta ya mji huu miaka thelathini na moja. Barua hii ingeweza kunifikia siku yoyote kati ya hizo, kwa stempu moja. Leo sisemi zaidi, kwa kuwa unaumwa.

Unajua mtu akiangusha kikombe mgahawani watu hupiga kelele gani. Mgahawa mzima kwa pamoja: "Norman!" Watoto nao husema, na wengine hawajui hata kwamba Norman alikuwa mtu. Siku ya mwaka mpya mjukuu wangu aliangusha bakuli jikoni kwangu, akapayuka hivyohivyo, chini kabisa ya kopo la biskuti. Sikumgusa. Nilitoka nje nikaondoa theluji barabarani, yangu na ya majirani wawili.

Nilimpelekea barua yako Dwight Kittredge, mwenyekiti wa kamati. Unamkumbuka, yule daktari wa meno, amestaafu sasa na hana wa kumwambia afunge mdomo.

"Yvette, mama, mzee ana miaka mingapi?"

"Themanini na mitatu."

"Na anaumwa."

"Anaumwa mwili. Kichwa chake kizima kuliko chako."

"Siwezi kusimama mbele ya mji na barua ya mgonjwa. Kibao kimeshaandikwa."

"Kimeandikwa kwenye shaba au kwenye karatasi?"

"Karatasi."

"Basi karatasi huchanika, Dwight."

Anataka ushahidi unaoshikika. Kama unao, nipe.

Na mimi nina swali langu. Desturi unaijua: kila Siku ya Kuwakumbuka Askari, aliyejiunga na zimamoto mwisho kuliko wote ndiye hupanda ngazi na shada la maua ya lilaki, akauvika mkono wa Kapteni, kisha akaushika akageuka kuupungia umati. Norman alipanda mwaka 1961, nami nilimpigia makofi mpaka viganja vikawaka. Kwa nini alipanda tena 1962? Asubuhi ile alitoka na shati lisilopigwa pasi, akamwambia Mama mwaka huu yeye ni mtazamaji tu. Norman mwenyewe ukimuuliza alikuwa anacheka na kubadili mazungumzo. Mama aliliuliza swali hilo mpaka anakata roho. Wewe ndiwe uliyeshika ngazi, Mwalimu. Nini kilitokea?

Mwanafunzi wako,
Yvette


Burlington
22 Januari 2019

Yvette,

Ushahidi upo chini ya maktaba. Kama hawakuutupa, mkono uliokatika umefungwa kwenye blanketi la jeshi, nyuma ya viti vibovu. Utazameni pale ulipokatikia begani. Marumaru iliyovunjika kwa nguvu za mtu hung'aa kama sukari upande mzima. Hii yenu itang'aa upande mmoja tu. Upande mwingine utakuwa wa kijivu na laini. Upashe moto upande huo. Jiwe halitatoa jasho, lakini ulimbo utatoa.

Hao wanaotaka ushahidi wa kushikika, waambie waushike ukiwa bado moto.

Hapa wananilisha uji usio na chumvi. Vidole haviwezi tena kufunga vifungo vya shati, lakini kalamu bado inakubali, kwa saa moja kila asubuhi. Naona kuna haki fulani katika hilo, au dhihaka, sijaamua.

Kuhusu Norman: alikuwa kijana wa kupenda kupanda vitu. Hakuna mti wa tufaha katika mji ule ambao hakuukalia. Mtu wa namna hiyo hahitaji sababu kubwa.

Baba alifanya alichoweza na kazi aliyopewa. Nisingependa alaumiwe sana.

Orlando Pedrini


Tinsdale
5 Februari 2019

Mwalimu,

Tumeupasha moto.

Mkuu wa zimamoto sasa ni Lucinda Orcutt, binti wa yule mwenye shamba la ng'ombe. Aliulaza mkono kwenye meza ya kituo, akaleta kipulizio cha kuyeyushia mabomba yaliyoganda. Tulikuwa watu tisa. Dakika mbili, hakuna kitu. Dwight akaanza kuvaa glavu zake. "Haya, tumeona jiwe moto. Twendeni tukale." Ndipo ikanuka misonobari. Kisha upande ule wa kijivu ukatoa jasho kama ulivyosema, ukachuruzika juu ya meza, rangi ya asali. Lucinda akaingiza kijiti, kikazama upana wa vidole vitatu.

"Huu haukuwa mkono," akasema. "Ulikuwa mshumaa."

Nililia, Mwalimu, mbele ya Dwight, jambo ambalo sitalisahau wala kumsamehe.

Furaha yangu ilidumu kama dakika kumi. Dwight hakuondoa kibao, alikigeuza tu. "Kumbe yule Mtaliano alitutapeli!" Sasa wanataka kiseme: "Mkono huu ulivunjika kwa ufundi mbovu wa Egidio Pedrini na ulevi wa Norman Desautels." Wawili kwa shaba moja. Nikamwambia ulevi unautoa wapi, wakati ufa ndio uliovunja? Akaenda kabatini akaleta daftari la ajali la zimamoto. Daftari la wanachama liliharibiwa na mafuriko ya 1973, hili likapona, bahati yetu. Akasoma kwa sauti, taratibu, kama anasoma Injili: "Aliyepanda alinuka pombe na aliuning'inia mkono kwa mzaha." Tarehe 6 Juni 1962.

Akanigeuzia ukurasa nione sahihi.

O. Pedrini.

Miaka yote nilijua kuna mtu aliyesema hivyo. Nilidhani ni mzee Hatch, aliyetuchukia sote wenye asili ya Kifaransa. Nilikataa kwenda kwenye mazishi yake kwa sababu hiyo. Wewe ulinifundisha Kilatini miaka minne, ukanipa alama nzuri, ukamwambia Mama nina akili.

Kaka yangu aliuning'inia mkono kwa mzaha? Na kwa nini alikuwa juu ya ngazi ile? Nimekuuliza, ukaniambia habari za miti ya tufaha.

Yvette Desautels


Burlington
11 Februari 2019

Yvette,

Ufundi mbovu! Daktari wa meno anamfundisha Egidio Pedrini ufundi! Mimi niliharibiwa meno mawili na mtu yule mwaka 1988.

Sikiliza. Baba yangu hakuziba ufa hata mmoja maishani mwake. Nilimwona akichukua nyundo na kupasua sanamu ya malaika aliyoichonga miezi minne kwa sababu ya doa la kutu bawani. Kapteni alipokaribia kwisha, Baba alikuwa amelazwa, kifua kimejaa vumbi la kazi. Alikuwa ameacha gogo dogo la jiwe kati ya mkono na kichwa, kuubeba mkono mpaka sanamu isimame mahali pake. Gogo lile hutolewa kwa msumeno, kidogo kidogo, siku mbili nzima. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimetoka chuoni kwa likizo, nilitaka akirudi aikute kazi imekamilika. Nililing'oa kwa nyundo, mapigo matatu. La tatu nililisikia likienda mahali lisipotakiwa kwenda.

Niliziba mimi, peke yangu. Baba alirudi, akaizunguka sanamu mara mbili, akanishika bega mbele ya wachongaji wote. Alikufa mwaka 1970 akiamini Kapteni ndiye kazi yake bora na kaka yako ndiye aliyeiharibu.

Kuhusu pombe: Norman alikunywa bilauri moja ya sida, pombe laini ya tufaha, asubuhi ile. Nilikunywa naye, kutoka chupa hiyohiyo. Nilinuka vilevile. Hakuuning'inia mkono. Aliushika tu ageuke, kama desturi.

Basi, umempata mkosaji wako. Wape jina langu waliandike kwa herufi kubwa kadiri wanavyotaka, ila la baba yangu waliache. Umeridhika?

Orlando Pedrini


Tinsdale
16 Februari 2019

Bwana Pedrini,

Hapana, sijaridhika.

Nilimsomea Lucinda barua yako kituoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, huyu mzee anamenya kitunguu. Kila barua ganda moja. Hapo katikati kuna nini?"

Nami nimerudia barua zako zote mezani, kwa mpangilio, kama nilivyokuwa nikipanga barua za watu. Umenieleza jinsi mkono ulivyovunjika. Umenieleza nani aliuharibu na nani alisema uongo baadaye. Kila ninachouliza kuhusu jiwe unajibu vizuri sana, mtu angedhani uko darasani. Ninapouliza kuhusu kaka yangu unanipa uji na matufaha.

Alitembea akichechemea miaka hamsini na sita. Alisimama kwenye mashine kiwandani kwa mguu mmoja na nusu. Kila Mei alikuwa akinipigia simu kuuliza kama lilaki zimechanua, na hakuja kuziona hata mara moja. Dwight anasema, sawa, ufa ulikuwepo, lakini nani alimtuma kupanda wakati si zamu yake? Alipenda kujionyesha, anasema, watu wa mtaa wetu wa machimbo ya mawe wote ndivyo walivyo. Nakaa na mdomo wazi kama mgonjwa wake.

Mkutano wa mji ni tarehe 5 Machi. Hoja ya kumi na nne, baada ya gari jipya la kusukuma theluji, kabla ya mlo wa maharage na pai. Nina swali moja tu na unalijua. Ukiniandikia kitu kingine nitakirudisha. Kurudisha barua ni kazi niliyosomea.

Y. Desautels


Tinsdale
25 Februari 2019

Bwana Pedrini,

Bahasha yako ya tarehe 21 hiyo ndani, nakurudishia. Kurasa sita. Nilisoma mbili: baridi, miguu inavyovimba, jinsi Baba yako alivyokuwa akinoa patasi. Ya tatu inaanza, "Lazima uelewe kwamba nyakati zile." Nikaishia hapo.

Muuguzi wako amenipigia. Anasema umeanguka bafuni, umekataa kupelekwa hospitali, unaomba karatasi. Nilitaka kumwambia asikupe. Nimemwambia akupe moja tu.

Zimebaki siku nane.

Yvette


Burlington
1 Machi 2019

Kwa mkutano wa mji wa Tinsdale, kwa mkono wa Yvette Desautels. Isomwe kwa sauti, isifupishwe.

Karatasi ni moja, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Aprili 1962, theluji ilipoyeyuka, nilipita uwanjani nikielekea shuleni, nikaona mstari mweusi begani kwa Kapteni. Nilipanda juu ya msingi nikaingiza ukucha. Ukazama wote. Nilijua kwamba mkono ule hautabeba tena uzito wa mtu. Kumwambia mkuu wa zimamoto kuna ufa kulikuwa ni kumwambia nani aliuziba, na Baba alikuwa hai, akipita pale kila Jumapili baada ya misa ili avue kofia. Nikasema nitasema kesho. Nilisema hivyo kila siku kwa wiki sita.

Asubuhi ya tarehe 30 Mei, Siku ya Kuwakumbuka Askari, tulikuwa nyuma ya kituo na chupa ya sida, Norman na mimi. Shada la lilaki lilikuwa mikononi mwangu. Alinicheka. "Mwalimu, mbona unarudi nyuma? Ngazi ina vipago kumi na viwili tu. Hata Kilatini chako kina vingi zaidi."

Nikamwambia viatu vyangu vinateleza. Nikamwambia watu wanapenda kumwona yeye kule juu, si mwalimu wa shule. Hilo la pili lilikuwa kweli, ndiyo maana lilifaa.

"Ungejiona sura! Lete basi," akasema, "lakini mwakani hutoroki. Nitakupandisha kwa teke."

Nikampa shada. Nikamshikia ngazi kwa mikono miwili, kwa nguvu sana. Watu waliokuwa karibu walisema baadaye jinsi nilivyoishika vizuri.

Hospitalini, nyonga yake ikiwa ndani ya plasta, alinikonyeza. "Usimwambie mtu, Mwalimu. Niliyepanda ni mimi." Alidhani nilikuwa nimeogopa urefu, na akaona haya kwa niaba yangu. Habari ya ufa hakuijua mpaka anakufa. Siku saba baada ya ajali nilitia sahihi kwamba alinuka pombe.

Yvette, uliuliza kwa nini kaka yako alipanda mara ya pili. Niliapishwa zimamoto Alhamisi tarehe 24 Mei 1962, jikoni kwa mkuu wa wakati ule, mbele ya watu wawili, na wote watatu wamekufa. Wa mwisho kujiunga mwaka ule hakuwa Norman Desautels. Nilikuwa mimi. Zamu ilikuwa yangu, na nilimpa nikijua.

Orlando Pedrini